Siku Tatu Nilizomwahidi Bibi

Kila Sikukuu tunapokutana, wadogo zangu wawili, ambao sasa nao ni bibi za watu, hufika mahali pa kuicheka kamba ya Bibi. Mmoja huanza, "Mnaikumbuka ile kamba yake ya mafundo?" Mwenziwe hudakia, "Na kwenda kumuuliza dereva!" Wajukuu hucheka bila ya kujua wanachokicheka. Bibi yetu, husema wadogo zangu, alikuwa mtu wa ajabu. Akija kukaa nasi mjini alikuja na kipande cha kamba ya usumba chenye mafundo. Kila asubuhi akifungua fundo moja, na siku ya kufungua la mwisho akijitanda kanga yake na kuketi mlangoni na kifurushi. Akiambiwa gari la shamba linaondoka saa nane, humtuma mtoto aende akamuulize dereva mwenyewe.

Wanapocheka, mimi hucheka nao. Nimecheka hivyo miaka mingi. Leo nataka kuandika Bibi aliipata wapi kamba ile, maana haikuwa ajabu yake. Ilitokana na mimi.

Baba alifariki kwa homa nikiwa darasa la tano. Nikaacha skuli, nikapelekwa mjini kujifunza kushona kwa fundi mmoja wa kanzu. Miaka ile ya hamsini ilikuwa inaanza. Mama alibaki kwetu shamba, kijiji cha Bwejuu, na wadogo zangu na Bibi, ambaye ni mama yake yeye Mama. Kisha Mama naye akaanza kukohoa, na mvua za vuli zilipokwisha tukamzika. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mdogo wangu wa kwanza alikuwa na miaka kumi, wa pili sita. Nilisimama kaburini nikajiambia kwamba hawa hawatatawanywa kwa jamaa kama vyombo vya nyumba iliyovunjika. Neno hilo nililishika, na sijuti kulishika. Najuta namna nilivyolishika.

Mama na Bibi walikuwa wanawake wa makumbi. Kwetu wanawake huyafukia makumbi ya nazi pwani, kwenye matope ambayo maji huyafunika kila yanapojaa. Huyapandishia mawe juu yasichukuliwe, wakayaacha miezi na miezi mpaka yalainike na nyuzi zake zikubali kuachana. Kisha huyafukua na kuyaponda kwa mti, wakapata usumba, na usumba wakausokota kamba. Kila mwanamke ana shimo lake na mti wake wa alama. Mtoto wa Bwejuu hujua kabla hajajua kusoma kwamba shimo la mtu haliguswi. Mwenyewe akifa, hungojwa mwanamke wa jamaa yake aje aung'oe mti kwa mkono wake. Sisi wanaume hatukuwa na kauli katika jambo hilo, hata kidogo.

Shimo la Mama na Bibi lilikuwa moja. Walilifukia pamoja, miezi michache kabla Mama hajalala kitandani. Ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono yake.

Mwaka ulipogeuka nilipata chumba cha chini katika nyumba ya mawe Mkunazini, kwa mjane mmoja aliyekaa ghorofani. Nikapata na nafasi ya skuli kwa mdogo wangu wa kwanza. Mimi niliyeacha skuli nilikuwa nimeapa kwamba yeye hataacha. Chumba kisingeningoja na skuli isingemngoja. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nikijipa, na ilikuwa kweli.

Kulikuwa na sababu nyengine ambayo sikujipa. Mwaka mmoja kabla, Bibi alikuja mjini kuniona. Alinikuta kazini, akaketi chini kwenye kizingiti cha duka, kanga zake zimefifia, kucha zake nyeusi kwa matope ya makumbi, akanitazama kwa furaha nikikanyaga charahani, kama anatazama ngoma. Mteja aliyekuja kupimwa kanzu akauliza, "Huyu bibi nani?" Nikajibu, "Mtu wa kwetu." Sikusema bibi yangu. Bibi alisikia, maana alikuwa hatua mbili tu. Jioni nilipomsindikiza garini aliniaga kama kawaida yake, "Haya, mume wangu, nkuache na kazi yako." Bibi wa kwetu huwaita wajukuu wa kiume waume zao, na wa kike wake wenzao, na yeye utani huo aliupenda kuliko wote.

Tangu siku ile nilitaka tuwe watu wa mjini, wote, kwa mara moja, pasibaki hata mmoja wetu wa kuulizwa ni nani.

Nilikwenda Bwejuu kuwachukua. Wadogo zangu walikuwa tayari siku nyingi. Bibi alikuwa anakuna nazi.

"Wachukue wake wenzangu wende wakasome," alisema. "Mimi nna makumbi yangu baharini. Masika yakipita ntayatoa, kisha ntakuja."

"Nani atawapikia, Bibi? Mimi nashinda kazini. Na huyu mdogo atakaa na nani?"

Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. Kisha akaniambia maneno ambayo nayajua mpaka leo kwa mpangilio wake.

"Basi nisikilize, mume wangu. Ntakuja siku tatu, unirejeshe. Nikishapumua ntakuja siku tano, unirejeshe. Kisha kumi. Mtu mzima haruki ndani ya maji asiyoyajua, hutia mguu kwanza. Siku nisizokuwapo, huyu mkubwa keshajua kupika wali, na mdogo ntakuwa naye mimi huku. Mpaka makumbi yatoke, mimi na mji tutakuwa tushajuana. Utanirejesha siku ya tatu?"

"Ntakurejesha."

"Sema wallahi."

"Wallahi, Bibi."

Nilisema wallahi nikiwa najua kwamba simrejeshi. Sikujikuta tu nimechelewa, wala mambo hayakunizonga baadaye. Nilijua pale pale, mbele ya kile kifuu kitupu. Nilifikiri mtu akishafika ameshafika, na kwamba wiki ya pili atazoea na ya tatu atanishukuru. Nilikuwa kijana, lakini ujana haunifichi. Kijana pia anajua wallahi ni nini.

Bibi alikuja na vitu vya siku tatu. Kanga doti moja ya kubadilisha, msuaki wake, na kichupa cha mafuta ya nazi. Mkeka wake aliuacha, kibao chake cha mbuzi cha kukunia nazi alikiacha, na mlango aliufunga kwa kamba tu.

Asubuhi ya kwanza nikamsomesha mji wote kwa pumzi moja. Huu mfereji, unaufungua hivi na kuufunga hivi, usiuache. Hii taa, bonyeza hapa. Hiki choo. Kwenye baraza ya mbele usikae chini, watu wanapita. Ukitoka vaa buibui, na makubadhi haya. Samaki hawakaushwi dirishani. Mwenye nyumba usimwite "we bibi wa juu", mwite Bi Mkubwa. Bibi aliitikia kila jambo, "Naam. Naam," kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya bakora. Nilipokwisha aliuliza swali moja tu.

"Maji sa'izi yamejaa au yamekupwa?"

Sikujua. Katika vichochoro vya Mkunazini mtu haioni bahari, na mimi nilikuwa sijalijali jambo hilo miaka mingi. Bibi alinitazama kwa huruma. Maisha yake yote alikuwa hajaulizwa saa ngapi, alikuwa akiulizwa maji. Kwa maji alijua wakati wa kupika, wa kulala na wa kuteremka pwani. Tangu siku ile ikawa mdogo wangu mkubwa akitoka skuli hupitia pwani ya Forodhani kutazama maji, akaja kumpa habari. "Yamekupwa, Bibi, mawe yote yanaonekana." Bibi akipumua hapo.

Siku ya tatu nilirudi adhuhuri nikamkuta mlangoni. Amejitanda, amevaa yale makubadhi niliyomnunulia, kifurushi mapajani. Alikuwa amekaa hapo tangu chai ya asubuhi.

"Gari limeharibika, Bibi," nikasema.

"Masikini. La kesho?"

"Tutaangalia."

Akainuka, akaweka kifurushi ndani. Ijumaa nikamwambia dereva mgonjwa. Wiki ya pili nikamwambia fundi wangu hanipi ruhusa. Kila mara alisema neno la kumuombea mtu, gari, dereva, fundi. Alimuombea fundi wangu Mungu ampunguzie kazi. Gari la Bwejuu lilikuwa likipita Darajani kila siku, hatua chache kutoka pale nilipokaa kushona, na honi yake niliisikia.

Hakuzoea. Alipungua. Alikula boflo, mkate wa mjini, kama anayekula dawa. Mara moja alitoka kwenda kununua chumvi akapotea vichochoroni asubuhi nzima, akaletwa na muuza kahawa. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye Bwejuu alikuwa keshaacha zamani, akaanza kukojoa kitandani, na mimi nikamgombeza mbele ya mwenye nyumba.

"Usimpigie kelele," Bibi alisema akiutoa mkeka juani. "Mwili wake bado uko Bwejuu. Utafika."

Kisha akasema, kwa sauti ya chini kama anayezungumza na mkeka, "Bamvua la pili hili linapita, maji makubwa. Mti wangu utakuwa umelala."

Hilo la mti ndilo lililonichosha. Nikafikiri kinachomvuta ni yale makumbi tu. Yakiondoka yale, kamba imekatika, atatulia. Siku iliyofuata nikamfuata utingo wa gari la Bwejuu nikampa ujumbe ampelekee shoga yake Bibi, jirani yetu. Nilisema hivi: Bibi hatorudi tena, yuko mjini na wajukuu zake, makumbi yake wayafukue wagawane. Nilisema mimi ndiye mkubwa wa nyumba na nimetoa ruhusa.

Utingo, ambaye alikuwa mtu wa Paje, jirani zetu, na anajua desturi ya mashimo, aliniuliza, "Umetoa ruhusa wewe?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa akapanda gari lake.

Ijumaa iliyofuata duka lilikuwa limefungwa, nami nilikuwa nyumbani nanyoosha kanzu. Mdogo wangu mkubwa alikuwa amekwenda kwa mwenzake wa skuli, na yule wa mwisho alikuwa anacheza ngazini. Tukasikia hodi ya sauti ya shamba, ile inayopigwa na mtu aliyezoea kuita kutoka mbali. Aliingia shoga yake Bibi, gunia kichwani, maji yanamdondoka mabegani. Harufu iliingia kabla yake.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umenona? Mjini raha." Akalitua gunia katikati ya ukumbi, akafuta uso. "Na wewe shoga, mbona umekonda? Boflo zote anakula huyu?"

Bibi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka katika nyumba ile. Wakashikana mikono wakaulizana hali, wa kwao na wa jirani, mbuzi na kuku, mpaka hali zikaisha.

"Umebeba nini?" Bibi akauliza.

"Makumbi yako. Tena nisamehe, shoga. Mjukuu wako katuma neno kuwa hurudi tena, tufukue tugawane. Wenzangu wote wamekataa. Wamesema, mwenyewe yu hai, nani atang'oa mti wake? Mimi nkasema, heri nikang'oa mimi kuliko kuachwa mtu baki aje. Lakini hayajaiva. Magumu kama pembe. Basi nkasema siyagawi, nampelekea mwenyewe alipo."

Bibi hakunitazama. Alimuuliza shoga yake, taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Nani kasema sirudi?"

"Si huyu?"

"Na gari, lini lilitengenezeka?"

"Gari gani?"

"La kwenu. Si lilikuwa limeharibika? Na dereva si anaumwa?"

"Dereva!" Shoga yake alicheka. "Yule? Juzi kaposa mke wa pili! Gari linakwenda kila siku, shoga. Nani kakwambia..." Akanitazama mimi, akaitazama pasi iliyokuwa mkononi mwangu, akavuta ukaya wake wa kichwani usoni. Pasi ilikuwa inaiunguza kanzu ya mtu. Sikuiinua.

Bibi alifungua gunia. Akatoa fungu la makumbi yaliyofungwa kwa ukindu, akaligeuza kwenye mwanga wa mlango, akaligusa fundo kwa kidole. Mama alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na mafundo yake yalikwenda kinyume na ya watu wote. Mimi fundi wa kushona nililijua fundo lile pale pale niliposimama.

"Hili la mama yenu," Bibi akasema.

Alibeba gunia mpaka uani, akaketi chini, akatafuta jiwe, akaanza kuyaponda. Makumbi yaliyoiva hupondwa kwa sauti laini, nyama ikatoka na nyuzi zikabaki. Yale yalilia kama mti mkavu. Nyuzi zilikatika vipande vipande. Akaponda hilo, akalitupa, akachukua jengine. Yale ya mafundo ya Mama hakuyaponda, aliyaweka kando yake, moja juu ya jengine. Shoga yake alisimama mlangoni hajui aende au akae. Harufu ikapanda ghorofani.

"Nyie huko chini!" Mwenye nyumba aliita dirishani. "Mmefuga nini? Nyangumi?"

Akateremka na mtandio puani, amekuja kugomba. Akamwona Bibi, akaliona gunia, akaniona mimi nimesimama na pasi ambayo sasa ilikuwa imepoa. Akampeleka mdogo wangu juu kwake, akarudi, akauliza. Shoga yake Bibi alimweleza kwa maneno machache. Mwenye nyumba akanigeukia.

"Ulimwambia siku ngapi?"

"Tatu."

"Na leo ya ngapi?"

Nikaiweka pasi chini.

"Nijibu, baba. Hesabu si unajua? Unapima watu kanzu kila siku."

"Zimepita wiki tano."

Akakaa juu ya kinu kilichokuwa pale uani. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha.

"Mimi nimeolewa katika nyumba hii natoka Kiponda. Kiponda! Nikipiga chafya kwetu inasikika hapa. Na mama yangu alikuja kila alasiri siku arubaini, akakaa hapo hapo ulipo. Kisha akawa anakuja siku moja anaruka moja. Kisha Ijumaa tu. Mpaka siku moja hakuja, na mimi sikuona kama hakuja. Hivyo ndivyo mtu anavyohamishwa. Wewe umemng'oa mtu mzima Bwejuu kwa siku moja, ukamziba na njia nyuma."

Bibi aliendelea kuponda. Nilikwenda nikachutama mbele yake.

"Bibi, kesho ntakurejesha."

Akaweka jiwe chini. Akanitazama sasa, na nilitamani asingenitazama, maana hakuwa na hasira.

"Kesho ya nani?" akauliza.

Aliondoka siku ile ile, na shoga yake. Niliwasindikiza Darajani nikiwa nimebeba kile kifurushi cha vitu vya siku tatu. Makumbi ya Mama aliyabeba yeye. Gari lilikuwa pale, bodi yake ya mbao imeandikwa Bwejuu, utingo anaita Bwejuu, na mimi nikasema, "Gari ndilo hili, Bibi." Akampita utingo, akanipita mimi, akaenda mpaka kwenye dirisha la dereva.

"Mwanangu, hili linakwenda Bwejuu kweli?"

Dereva alicheka. "Bibi, miaka yote hii gari langu hulijui?"

"Nalijua. Nauliza tu."

Akapanda. Nilimpa kifurushi. Akakipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anapokea kwa mtu wa nje.

"Ahsante, fundi," akasema. "Kaa na ndugu zako."

Fundi. Hivyo ndivyo wateja wanavyoniita. Nilisimama mpaka gari likaondoka, na niliporudi nyumbani wadogo zangu wakaniuliza Bibi yuko wapi. Nikasema, "Bibi kauchoka mji. Mnamjua Bibi." Uongo wa nne ulitoka mwepesi kuliko ule wa mara tatu za mwanzo, na ndio uliodumu. Ndio wanaoucheka mpaka leo.

Baada ya wiki mbili nilikwenda Bwejuu. Nilimkuta pwani na wenzake, maji yamekupwa mbali. Alikuwa anafukia makumbi mapya katika shimo lile lile, na ya Mama ameyarudisha chini kabisa, yameshafunikwa. Niliinua jiwe nimsaidie. Mmoja wa wale wanawake akasema, "Weka chini, fundi, usije ukatoa ruhusa tena," na wote wakacheka. Kijiji kizima kilikuwa kinajua, ila wadogo zangu Bibi alikataza wasiambiwe. Nililiweka jiwe, nikasimama kwenye matope na viatu vyangu vya mjini mkononi, nikamwomba Bibi msamaha mbele yao, maana pengine pa kujificha hapakuwapo.

"Nshakusamehe," alisema akiendelea kupanga mawe. "Zamani. Kusamehe si kazi. Ntakuja kama nilivyosema mwanzo. Siku tatu, kisha tano. Lakini siku zangu ntazihesabu mwenyewe."

Alikuja wiki iliyofuata. Kiunoni amechomeka kipande cha kamba chenye mafundo matatu.

Na ikawa kama alivyosema yeye. Siku tatu, akarudi na yule mdogo. Tano, wakarudi. Safari ya pili alikuja na mkeka wake, ya tatu na kibao cha mbuzi, ya nne na jiwe lake la kusagia, mpaka chumba kile kikaanza kunukia kama nyumba. Kila safari alijifunza jambo moja. Mfereji kwanza. Kisha njia ya duka la chumvi, ambayo mwenye nyumba alimwonesha kwa kutembea naye, leo mpaka kona ya kwanza, kesho mpaka ya pili. Taa ya umeme aliiwasha siku aliyotaka mwenyewe, akaizima, akaiwasha tena, akasema, "Kumbe haina neno." Mdogo wangu aliacha kukojoa kitandani bila ya mtu kumwambia. Masika yalipita, kusi ikaingia, na kabla mwaka haujafika Bibi na mwenye nyumba walikuwa wanakaa baraza ya mbele kila alasiri, chini, kwenye mkeka, wanawasema wapita njia. Makumbi yalipotoka alikaa nasi Ramadhani nzima, mafundo thelathini. Nilipiga hesabu nikaona kwamba kama ningefanya alivyoniomba tangu mwanzo, tungefika pale pale, tena mapema zaidi.

Akanipa na fungu langu la kamba, sawa na wadogo zangu. Katika usumba ule ulikuwamo na wa Mama. Ni kamba nzuri. Sijawahi kufungia kitu.

Nilingoja aniite tena mume wangu. Nilifikiri itakuja yenyewe, siku moja atasahau akaniita. Wadogo zangu aliendelea kuwaita wake wenzake mpaka wakakua, na wao hawakujiuliza mume ni nani. Mimi nilikuwa fundi. Kwa upole, kwa heshima, fundi. Nilipooa alimwambia mke wangu, "Mtunze fundi wetu."

Mwaka mmoja, miaka ya sitini ikianza, alipata homa akiwa kwetu. Siku ile alikuwa amefungua fundo la mwisho, homa imemwachia, anataka kwenda kwake. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda napinda upindo wa kanzu kwa mkono.

"Gari linaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Saa nane, Bibi. Nimetoka Darajani sasa hivi, nimemuuliza dereva mwenyewe."

"Ahsante, fundi." Kisha akamwita mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa msichana mkubwa sasa. "Mke mwenzangu, hebu nenda kamuulize dereva gari linaondoka saa ngapi."

Mdogo wangu akanitazama, akazuia kicheko kwa ncha ya mtandio, akatoka. Bibi na mimi tukakaa tunamngoja. Niliendelea na upindo. Alirudi anahema.

"Saa nane, Bibi!"

"Haya," Bibi akasema, akateremsha miguu kitandani. "Saa nane."

Nikakata uzi, nikamtafutia makubadhi yake.